Risala Iliyoanzia Mwisho

Mimi ni wifi yake Mwanamkasi, na kila mtu anajua kuwa wifi hasifu ovyo. Miaka ishirini na mbili tangu kaka yangu Ayoub amuoe na kumweka nyumba ya pili kutoka yetu, hapa Paje, nimemkosoa mchuzi wake, ukili anaousuka na hata namna anavyofunga kanga. Kwa hiyo nikikwambieni kuwa mwanamke huyu ni fahari yetu, niaminini. Maneno haya hayanitoki kirahisi.

Baharini Mwanamkasi hana mpinzani. Maji yakishatoka, sisi wanawake wa kikundi tukashuka kwenye mashamba yetu ya mwani, sauti yake ndiyo inayotutangulia. Ameinama anafunga miche kwenye kamba, na huku anabishana na mtu aliye mbali kabisa, hata amchekeshe. Lakini mweke mbele ya viti vilivyopangwa, mpe kipaza sauti, atazima. Siku ya harusi ya mwanawe aliombwa aseme neno moja tu la kuwashukuru wageni. Akasimama, akasema, "Bismillahi," akakaa. Wageni wakadhani ilikuwa dua, wakaitikia, "Amin."

Basi huyo ndiye tuliyemfanya katibu, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Na katibu ndiye anayesoma risala mgeni rasmi anapokuja.

Risala mnazijua. Kwanza hushukuriwa Mwenyezi Mungu, kisha mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi, kisha hutajwa mafanikio, na mwisho kabisa, watu wakiwa wameanza kunusa pilau, ndipo inapokuja shida. Shida yetu ilikuwa moja: banda la kuanikia mwani. Tulikuwa tunaanika mchangani, na mvua ikiupiga mwani unaokauka, unapauka na mnunuzi haugusi. Vuli moja ilituharibia mwani wa bamvua mbili, mavuno ya mwezi mzima. Siku ile nilimkuta Mwanamkasi amekaa juu ya magunia matupu, hasemi, na mtu asiyenyamaza akinyamaza inatisha.

Mwaka juzi mgeni rasmi alikuja. Mwanamkasi alisoma shukrani akitetemeka, akarudia mstari mmoja mara tatu, na mshereheshaji wetu Kificho akamnong'oneza kwenye kipaza sauti, tukasikia sote: "Fupisha, Bi Mwanamkasi, muda si rafiki." Akafupisha kwa kukaa. Banda likabaki ukurasa wa tatu, na mgeni akala, akaaga, akarudi mjini bila kujua kuwa tulikuwa na shida.

Mwaka jana tukaambiwa anakuja mgeni mwingine. Kwenye kikao cha kikundi nikasimama mimi, ulimi hauna mfupa, nikasema mbele yake, "Mara hii tumpe Muzdalifa asome. Mtoto yule kasoma mpaka chuo, haogopi mtu."

Mwanamkasi alilifunga daftari lake la ukatibu. Kisha akasema, "Wifi, aliyeharibu ni mimi. Niachieni nitengeneze mwenyewe."

Wakamwachia. Mimi nikanuna. Na nitasema yote, maana nimeshaanza: kwa siri nilimpa Muzdalifa nakala ya risala, nikamwambia akae tayari.

Wiki nzima Mwanamkasi alifanya mazoezi. Aliwasomea kuku, aliusomea ukuta, na kaka yangu alinilalamikia kuwa kila akikaa kunywa chai anashukuriwa kwa kuacha shughuli zake nyingi. Nilicheka, lakini kila jioni nilipomsikia akikwama palepale nilimkumbusha Muzdalifa akae tayari.

Siku ilipofika turubai lilijaa watu. Nilikaa nyuma ya Mwanamkasi. Alinipa mkono bila kugeuka.

"Wifi, miguu hainitaki," akasema.

Mimi nilikuwa ninamtafuta Muzdalifa kwa macho.

Akaitwa. Akafika mbele, na kitu cha kwanza tulichokisikia kwenye spika ni karatasi zikichakarika mkononi mwake. Kisha kimya. Mgeni rasmi akainama kuzungumza na jirani yake. Nyuma mtu akacheka. Kificho akapiga hatua moja kumwendea, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa ishara Muzdalifa, naye akaanza kuinuka.

Hapo ndipo Mwanamkasi aliposema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, mimi nnatetemeka, na kila mtu anaona. Risala hii ina kurasa tatu, na sijui kama ntafika mwisho. Basi nnaanza na mwisho."

Akautoa ukurasa wa tatu, akauweka juu. Akasoma kuwa tunaomba banda, nguzo na bati, basi. Halafu akaacha kusoma kabisa. Akaeleza jinsi mvua inavyotukuta, jinsi tunavyokimbia na magunia, jinsi kazi ya wanawake arubaini inavyopauka kabla adhana haijaisha. Sauti ilikuwa ileile ya baharini. Mikono bado ilitetemeka, lakini sauti ilishaacha kuijali.

Mgeni rasmi aliacha mazungumzo yake. Akafanya jambo ambalo sijaliona kwenye risala yoyote: akauliza swali. "Banda la ukubwa gani, mama?"

"Hatua thelathini kwa kumi na tano, mheshimiwa. Nshapima. Vigingi nshavipigilia, ukitoka utaviona."

Vigingi! Hata mimi jirani yake sikuwa na habari.

Kificho kwa mazoea akasogea. "Fupisha, Bi Mwanamkasi, muda si…"

"Nshamaliza, ndugu Kificho," akamjibu. "Zilizobaki ni shukrani, nazo zitasubiri banda."

Akakaa. Vigelegele vilianza kwa wanawake wa mwani vikaenea turubai zima, na wa kwanza kupiga nilikuwa mimi, huku machozi yananitoka. Muzdalifa alirudi kukaa na nakala yake, nami niliona haya hata kumtazama.

Mgeni alilikubali banda, nalo lilichukua miezi tisa. Mwaka huu likafunguliwa, bati linang'aa, na viti vikapangwa ndani yake. Mwanamkasi akasimama mbele ya mgeni yuleyule na karatasi mbili zilizokunjika, zinanukia udi kwa kukaa kabatini kati ya kanga zake.

"Mheshimiwa," akasema, "hii ni risala ya mwaka jana. Zilibaki kurasa mbili."

Akaisoma shukrani yote, kuanzia Mwenyezi Mungu mpaka mgeni kuacha shughuli zake nyingi, kisha mafanikio. Mikono ilitetemeka kama kawaida yake. Alikwama mara mbili, akatusubirisha, akaendelea. Kificho alisimama pembeni na saa yake, na hakuthubutu kufungua mdomo.

Mgeni mmoja kutoka Makunduchi, kiti cha pili kutoka changu, aliniinamia akaniuliza, "Nani yule anayesoma?"

Nikajinyoosha kwanza, nikaitengeneza kanga yangu.

"Yule?" nikamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na safu nzima. "Yule wifi yangu."