Nilimwita Wifi, Akaja Asiye Wifi

Cheka ukitaka, mimi nimeshazoea. Lakini haya sikusimuliwa wala sikuyaota. Niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, jua likiwaka, ndani ya msitu ule mkubwa ulio ng'ambo ya barabara ukitoka Matsangoni kuelekea Watamu.

Mimi ni Mkamba niliyeolewa Ugiriamani. Kazi niliyoikuta huko ilinishangaza: kufuga vipepeo. Ndiyo, vipepeo! Unaingia msituni, unatundika mitego yenye ndizi zilizochacha, unawakamata wazima, unawapeleka nyumbani wakatage mayai. Viwavi wakishajifunga kwenye magamba yao wanauzwa, wanasafirishwa Ulaya. Aliyenifundisha ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Hapa nitamwita Dama. Jina la mwanangu silitaji kabisa, na ukisoma mpaka mwisho hutaniuliza kwa nini.

Dama alinipa sharti moja tu. Msituni watu hawaitani majina. Ukimtaka mwenzio, gonga mti kwa kijiti. Mtu akipotea, wenzake husimama ukingoni wakapiga debe, naye hulifuata mpaka atoke.

"Jina ukilitoa mle, wifi, hulipati tena," aliniambia.

Nikacheka. Kenya nzima hutusema sisi Wakamba ndio wenyewe kwa uchawi, sasa nitishwe na Mgiriama?

Siku yenyewe Dama alikuwa na homa, nikamwachia mtoto nikaenda peke yangu. Nilikuwa kwenye mtego wa mwisho mvua ilipokuja, mvua ya kuziba macho. Mara nikasikia matawi yakivunjika karibu yangu. Ndovu! Nani angesimama achague njia? Nilitupa wavu, nikatupa na ndala, nikakimbia. Nilipokuja kusimama, miti yote ilikuwa sura moja. Simu ilikuwa imeingia maji, imezima.

Usiku ule sipendi kuusimulia. Nilipanda mti kwa kuogopa ndovu, nikajifunga kwenye tawi kwa leso, siafu wakanila mpaka alfajiri. Asubuhi niliikamulia leso kinywani, nikalamba majani yaliyobaki na unyevu. Kisha jua likapanda. Mchanga wa kule hunywa maji yote, hauachi hata dimbwi la kulowesha kidole. Nilitembea, nikatembea, nikajikuta tena chini ya mti uleule niliolala. Hapo nikaanguka chini. Ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi, na nikajua kwamba nitakufa. Mtu akijua anakufa, niamini, hakumbuki masharti ya wifi.

Nikapiga kelele. Nikamwita mume wangu. Nikajiita mwenyewe, jina langu lote mpaka la baba, ili wanaonitafuta wasikie. Nikaita, "Dama, niletee maji! Dama, niletee maji!" Mwisho nikamlilia mwanangu. Nililiita jina lake, nikaliita, mpaka koo likakauka kabisa.

Msitu ukanyamaza. Ndege wakanyamaza, na wadudu pia. Halafu Dama akatokea.

Alitoka nyuma ya mti akiwa amejitanda leso yake ya manjano, kibuyu mkononi. Unadhani niliogopa? Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, sijui yalitoka wapi mwilini mwangu. Akaja mpaka mbele yangu, akainama, akaniwekea kibuyu karibu na midomo. Nikasikia harufu ya maji. Haki ya Mungu, maji yana harufu, ukiwa na kiu ya kufa utaisikia.

Ndipo akasema, "Dama, niletee maji."

Tangu lini mtu akajiomba maji mwenyewe? Na sauti ile haikuwa ya Dama. Ilikuwa yangu. Lafudhi yangu ya Kitui, mkwaruzo wa koo langu, kilio changu chenyewe! Nikamtazama usoni. Alikuwa akitabasamu, na midomo yake imefungwa.

"Dama, niletee maji," sauti yangu ikasema tena kutoka ndani yake.

Sitakudanganya. Hata baada ya kuona hayo, niliyataka yale maji. Mikono yangu ilikuwa imeshakishika kibuyu.

Kilichoniokoa ni debe. Nililisikia kwa mbali, nyuma yangu, likigongwa bila kupumzika. Kile kitu nacho kikalisikia. Kikanipokonya kibuyu, kikageuka, kikaanza kwenda upande wa pili polepole, huku kikiyamwaga maji kidogo kidogo kwenye majani ili nifuate. Niliyaona yakimeta. Niliyaona yakipotea mchangani. Jamani! Nikayapa mgongo, nikashika njia ya debe, wakati mwingine kwa miguu, wakati mwingine kwa magoti.

Basi kikaanza kunifuata. Nyuma yangu nikasikia sauti yangu ikimwita mume wangu, ikaniita mimi kwa jina la baba. Sikugeuka. Kisha ikaliita jina la mwanangu, vilevile nilivyolililia, na safari hii kukawa na kinachoitika. Miguu midogo ilikuwa ikikimbia kwenye majani makavu nyuma yangu. Ikajikwaa. Ikaanguka. Ikaanza kulia.

Wewe ni mzazi? Basi niambie ungefanya nini. Je, kama ni yeye kweli? Kama wamekuja naye kunitafuta akawaponyoka? Niliuma mkono wangu mpaka damu ikatoka, nikaenda. Nilimwacha mtoto akilia msituni. Mpaka leo hivyo ndivyo moyo wangu unavyonisomea, hata nikiuambia vingine.

Nilipotokeza kwenye mwanga nilimwona Dama wa kweli, jasho la homa linamtiririka, debe mikononi. Mwanangu alikuwa mgongoni mwake, amefungwa kwa leso, amelala.

"Usiseme neno, wifi," Dama akasema. "Mpaka tuvuke barabara."

Nyumbani mama mkwe hakuniuliza nilikula nini wala nililala wapi. Aliuliza, "Mwanangu, uliita nani?" Nikamtajia mmoja mmoja. Nilipofika kwa mtoto akajifunika uso kwa leso, akalia. Kabla jua halijatua mtoto alikuwa amepewa jina jipya, na lile la zamani tukakatazwa kulitamka. Sikukaa tena pale. Tulihamia Mtwapa, na kipepeo akiingia dirishani natoka nje.

Dama bado yuko kule. Ananiambia kwamba wanawake wanaookota kuni ukingoni mwa msitu humsikia mtu akilia, hasa baada ya mvua. Wengine wamekimbilia ndani kumsaidia, ikabidi wapigiwe debe.

Kwa hiyo ukiingia msituni, funga kinywa chako. Kufa kwa kiu ni kubaya, lakini usimtoe unayempenda kwa kulitaja jina lake. Na ukipita barabara ile ukamsikia mwanamke mwenye lafudhi ya bara akiomba maji na kumlilia mwanawe, usiitike, usisimamishe gari, hata roho ikikuuma. Si mimi. Mimi niko Mtwapa, mwanangu yuko hapa pajani, na haitwi hivyo tena.