Pumzi ya Kisanduku

Kwa karibu miaka miwili, kila mashine ya kupima pumzi iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na ugonjwa uleule. Nilizihudumia pande zote mbili za mpaka: Busia ya Kenya ninakoishi, Busia ya Uganda, kituo cha afya kule Lumino, hadi Tororo. Mashine hizi huwekwa kando ya mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi. Zinaonja gesi anayoitoa akipumua na kuichora kwenye kioo. Mtu mwenye afya anachora wimbi linalopanda wima, linakaa bapa juu kama meza, kisha linashuka. Zote nilizozishika mimi zilichora wimbi lililoinama, linalopanda kwa kujivuta.

Nilijuaje? Kwa desturi yangu. Sijawahi kumrudishia mtu mashine kabla sijaipumulia mwenyewe. Mafundi wengine huiwasha, wakiona taa ya kijani wanatia sahihi na kwenda kunywa chai, nilikuwa nawacheka. Mimi nilipumulia, wimbi likainama, nikaandika kwenye ripoti: mpira mbovu. Nikabadilisha mpira huo unaopeleka pumzi kwenye mashine, nikapumulia tena, na hapo niliona nafuu kidogo, au nilitaka kuiona. Hospitali hazikulalamika, nami nikajipiga kifua.

Lakini jambo lenyewe lilinikera. Mashine za aina mbalimbali, nyingine mpya, nyingine kuukuu, zilikuwa zimeambizana nini? Nililaumu vumbi. Nililaumu moshi wa malori yanayopanga foleni mpakani, mbele ya chumba changu cha kazi. Moshi huohuo niliulaumu kwa kikohozi changu. Mke wangu aliposema kwamba nikilala kifua kinapiga mluzi, nilimjibu kuwa ndivyo anavyolala mtu aliyechoka. Sipendi kuambiwa habari za mwili wangu.

Ndipo nikaletewa kisanduku cha kujaribia mashine. Ni kidogo, kinaenea mfukoni. Unakichomeka mahali pa kihisi, yaani kile kidude kinachoonja gesi, na chenyewe kinaidanganya mashine kwamba kuna mtu anapumua. Unazungusha kitufe kuchagua: mtu mzima, mtoto, mtu anayekosa hewa. Ndani hamna hewa hata chembe, ni umeme tu. Nilikidharau tangu siku ya kwanza, kisha nikakibeba kwenda Tororo.

Huko kulikuwa na sista, mama wa makamo anayehusika na dawa ya usingizi, na alikuwa ananisubiri mlangoni. Kesho yake asubuhi alikuwa na mgonjwa wa kupasuliwa. Mashine isipokuwa tayari, mgonjwa angepelekwa Mbale.

Nikapumulia. Wimbi likainama. Nikatia mpira mpya, likainama vilevile. Nikachomeka kisanduku: wimbi likasimama wima, bapa, safi kama la kitabuni. Nikakichomoa, nikapumulia. Likainama. Nikakirudisha. Likanyooka. Sikujua nishike lipi niache lipi.

"Fundi, hii mashini iko muzima ama iko mugonjwa?" sista akauliza.

"Mashine yenyewe ni nzima, sista. Itakuwa mpira."

"Mpira! Wewe kila saa nasema mpira. Si umetia mupya saa hii hii?"

Alikuwa na haki. Lakini kisanduku kinaruka mpira na kihisi, kinaongea na mashine moja kwa moja, kwa hiyo hivyo viwili bado nilikuwa na ruhusa ya kuvishuku. Nilivishuku kwa moyo wote. Nikabadilisha na kihisi, nikaweka cha akiba. Wimbi likainama. Nikahamisha waya kwenye tundu lingine la ukutani, kana kwamba umeme wa Tororo una hila zake. Likainama. Kichwa kilianza kuniuma, na nilikuwa na hasira na kila kitu kilichokuwa mezani.

Sista akaninyang'anya mpira, akatia kipande kipya cha mdomoni, akapumulia. Wimbi likapanda wima, likakaa bapa, likashuka. Akapumulia tena. Vilevile.

"Sasa wewe."

Nikapumulia. Likainama.

Hakuitazama mashine tena. Alinitazama shingoni, pale ngozi inapovutwa ndani kila nikivuta hewa. Mimi nilikuwa sijui kwamba inavutwa.

"Wewe tangu lini nakohoa?"

"Ni vumbi, sista."

"Mimi sikuuliza vumbi."

Niliogopa. Si woga wa kuumwa tu. Nilikumbuka Lumino, nikakumbuka Busia zote mbili, mashine moja baada ya nyingine, na wimbi lilelile nililoliandikia ripoti kwa mwandiko mzuri. Bado nilitaka kubishana. Nikachomeka kisanduku tena na kukitazama kinavyopumua: juu, bapa, chini. Nikahesabu. Kisha nikakichomoa na kupumua kwa kukiiga. Mara ya kwanza polepole. Mara ya pili kwa nguvu. Mara ya tatu nilibana tumbo. Mara ya nne kikohozi kilinikamata nikashikilia meza. Kile kisanduku hakina mapafu, na kilikuwa kinanishinda kupumua.

Sista akasubiri kikohozi kiishe. Akachukua karatasi yangu, akaandika mwenyewe kwamba mashine inafaa, akaisogeza kando. Kisha akavuta kiti.

"Kaa hapa, fundi. Mashini yangu sasa iko sawa. Bado wewe."

Nilimwambia anisubiri kidogo, nimalize kukaza skrubu moja ya kifuniko. Akasema haya. Skrubu ilikuwa imeshakazwa kitambo, nami niliendelea kuzungusha bisibisi.