Nilipaka Hina Mikono Iliyoungua

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Msiwalaumu wajumbe wa Baraza la Jimbo, wala kina mama wa kijiji chetu. Ni mimi, na kila ninapomwona dada yangu asubuhi natamani ardhi inimeze.

Jina langu sitalitaja. Jueni tu kwamba natoka upande wa Msambweni, nafundisha kina mama kusoma na kuandika, na harusi ikiwa karibu nasi, mimi ndiye ninayeitwa kumpaka bibi harusi hina.

Kina mama wa kwetu wanaishi kwa korosho. Kwa asiyeijua kazi hii, ngoja nimweleze taratibu. Ganda la korosho lina mafuta makali, yanaunguza kuliko maji ya moto. Ukilikaanga ili ulipasue, mafuta hutoka yakakushika vidoleni. Ngozi huwa nyeusi, kisha hubanduka. Wenzangu hujipaka majivu kabla ya kubangua, lakini majivu yatazuia nini! Asiyetaka kuungua huziuza mbichi, na mchuuzi anayekuja na lori kutoka Mombasa humpa bei aipendayo yeye.

Uhuru ulipoingia tukasikia kwamba Jimbo litaweka mashine ya kubangulia korosho, na wajumbe ndio watakaochagua mahali. Mashine! Tukakubaliana niende nikatuombee. Nikapanda Kwale, nikarudi, nikapanda tena. Nikakalia mabenchi ya maofisi nikieleza, maana kueleza ndiyo kazi ninayoiweza. Mpaka siku moja mjumbe mmoja, mtu mpole, akaniambia:

"Mwalimu, maneno yako nimeyasikia. Tutakuja tuone kwa macho yetu."

Tuone kwa macho yetu! Alisema wazi, jamani, nami sikumsikia. Nilichosikia mimi ni kwamba wageni wanakuja.

Nanyi mnajua mgeni kwetu ni nini. Ua ulifagiwa, mikeka mipya ikatandikwa, kina mama wakatoa leso za sanduku. Siku ya kuamkia ugeni, baada ya sala ya adhuhuri, nikawakusanya uani kwangu na bakuli la hina.

"Kesho hatuwapi waheshimiwa mikono ya masizi," nikawaambia. "Watasema watu wa kwetu hawajui kupokea."

Bi Saumu, ambaye hata msibani hucheka, akaninyooshea mikono yake. "Nipake mpaka kwenye viwiko! Kesho tunaolewa sote na serikali!"

"Na mahari je?" mwenzake akauliza.

"Mashine, mwanangu! Bila mashine hatoki mtu hapa!"

Tukacheka mpaka machozi. Dada yangu peke yake hakucheka. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea, na korosho alizobangua ndizo zilizonisomesha mimi. Mikono yake ilikuwa mibaya kuliko ya wote, vidole vimepasuka, vingine vinatoa maji.

"Mwana wa mamangu," akaniambia, "si ndiyo mikono hii tunayotaka waione?"

"Wataisikia kutoka kwangu, dada. Mimi nitawaeleza. Mgeni huonyeshwa kizuri."

Akanitazama kidogo, kisha akanipa mikono. Hina ile nilikuwa nimeikoroga kwa maji ya ndimu ili iive vizuri. Nilipomgusa, alivuta pumzi kwa meno.

"Inachoma."

"Vumilia, dada, itapoa."

Nilimwambia avumilie! Mimi! Nikamchora maua mazuri kuliko yote, nikafunika kila ufa, kila kidonda. Nilijisifu moyoni kwa ufundi ule. Laiti mikono yangu ingekatika siku hiyo!

Kesho yake wajumbe wakaja na gari la serikali. Nikasimama nikaeleza. Wallahi sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nikaanza na mkorosho shambani, nikaja kwenye ganda na mafuta yake, nikamalizia na mchuuzi na lori lake. Mjumbe yule mpole alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akasema:

"Mwalimu, umesema mafuta haya huunguza mikono. Haya kina mama, hebu nionyesheni."

Wakainyoosha, wote kwa pamoja, kwa adabu kabisa. Mikono myekundu iliyoiva, imejaa maua na majani!

Mjumbe akaitazama, akawatazama wenzake, akaangua kicheko. "Hii ndiyo iliyoungua? Mbona mmetupokea kama maharusi!"

Watu wote wakacheka. Nami nikacheka!

Dada yangu hakuishusha mikono. Aliiacha vile vile mbele, akanigeukia, akanitazama. Alikuwa akiningoja. Neno moja tu lingetosha: mheshimiwa, hii ni hina, shika uone chini yake. Lakini niliona haya kumkatiza mgeni kicheko chake, niliona haya kusema kwamba tumempamba kwa uongo.

Nikasema nini? Nikasema, "Karibuni chai, waheshimiwa."

Dada akaishusha mikono, akaifunga ndani ya leso.

Mashine imekwenda kwingine. Nilipofika Kwale kuuliza, yule mjumbe hakuwa na ubaya wowote. Alisema, "Mwalimu, kule tuliona watu wana shida kweli. Nyinyi mko vizuri, shukuruni Mungu." Hapo ndipo nilipomweleza habari ya hina. Akasema kura imekwisha kupigwa. Sasa tunasikia kwamba mabaraza yenyewe ya majimbo yanavunjwa. Nitapanda kwa nani tena? Nitamweleza nani?

Na dada yangu, ole wangu! Vidonda vile havikupona chini ya hina, viliharibika. Alilazwa hospitali ya Msambweni, akatoka, akarudishwa, na sasa yuko nyumbani. Vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, havifunguki. Hawezi kujifunga leso. Mimi ndiye ninayemlisha, nami nikimtilia tonge mdomoni huwa sithubutu kumtazama usoni. Hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana! Ngozi ile yote imebanduka, lakini hina imebaki kwenye kucha, nyekundu, kila siku naiona.

Korosho zake nazibangua mimi sasa, maana watoto wake lazima wale. Juzi walikuja watu kuniita nikampake bibi harusi. Niliwanyooshea mikono. Mama wa bibi harusi akaitazama, akasema, "Basi, mwanangu, tutatafuta mwingine." Simlaumu.

Wenzangu mnaosoma, nawaomba kwa Mungu. Siku mtakayofikiwa na mkubwa anayeuliza shida zenu, mpeni maji ya kunywa na mahali pa kukaa, basi. Msimzibie mashimo ya barabara. Msimfichie kisima kilichokauka. Mwenye kidonda akifungue, hata kama kinanuka, hata kama mgeni atageuza uso. Na ukimwona mwenzio amenyoosha mikono akikungoja useme, sema! Sema pale pale, kabla ya chai!

Mimi mikono yangu sasa namwonyesha kila apitaye. Hakuna tena anayeuliza.