Ngombe za Dada na mutuka ya muzungu

(Aliyetuma kisa hiki ni musichana wa milima ya Masisi. Jina lake linabaki kwetu.)

Ndugu wasomaji, neno hili sijamwambia muntu, wala Mama, wala padri kwenye kitubio: Dada yangu anataka kumwacha bwana yake, na mimi peke yangu njo najua.

Niko na miaka kumi na sita. Mimi ni muntu wa haya sana. Hata kwa masomo, masere, yule mutawa anayetufundisha, akiita jina langu, sauti inakwama kooni. Lakini nimesoma Kiswahili na Kifaransa, na kwetu hakuna mwingine anayejua Kifaransa. Kwa hiyo shida hii imeniangukia mimi.

Kuna muzungu mumoja mwenye shamba ya pareto, juu ya Kibabi. Ameletewa mutuka mupya, na ile ya zamani anataka kuibadilisha na ngombe, juu ameanza kufuga kwa ajili ya maziwa. Papa aliposikia hivyo hakulala vizuri tena. Tulienda kuiangalia pamoja na majirani. Aliizunguka, akaipapasa ubavu kama vile anapapasa ngombe kwenye soko, akaniambia: «Muulize kama iko na ugonjwa.»

Nikauliza. Yule muzungu hakuficha. Alisema mutuka hii ilitembezwa na muntu mwingine huko Ulaya mpaka akaichoka, halafu yeye akaitembeza kwenye milima yetu na mpaka Bukavu. Ile saa inayohesabu kilometa ilifika mwisho wake, ikaanza tena kwa ziro. Motere inakunywa mafuta kama mulevi. Nikamwambia Papa yote, neno kwa neno.

«Hata mimi nimetembea sana,» Papa akasema, «na ningali ninalima.»

Watu wakacheka. Jirani yetu Papa Bahati akamujibu: «Ngombe ikikufa unakula nyama. Mutuka ikikufa utakula nini, vyuma?»

«Wewe utapanda bure siku ya kwanza, njo utanyamaza.»

Mama naye anaitaka, na siwezi kumulaumu. Tangu nilipokuwa mutoto anapeleka maharagwe mpaka Sake, kitunga mugongoni, kamba kwenye paji ya uso. Ile kamba imemuchimbia mufereji ambao hata kitambaa hakiufichi. Nikiwaza Mama amekaa ndani ya mutuka, na maharagwe iko nyuma, mimi pia ninaitaka.

Lakini ngombe zenyewe ni za mahari ya Dada. Na kwetu kila muntu anajua: zile ngombe zikiwa zingali katika zizi, binti akitendewa vibaya, wakubwa wanaketi, ngombe zinarudishwa, binti anarudi kwao. Zikiisha, baba anasema «vumilia» hata binti hajamaliza kueleza.

Dada aliolewa Shasha. Nilimukuta sokoni na samaki zake. Kitenge kikateleza begani, nikaona alama. Alikivuta haraka, kama vile mimi ni mugeni.

«Zile ngombe ziko?» akaniuliza.

«Ziko, Dada.»

«Zote?»

«Ile nyeusi imezaa.»

Alifunga macho kidogo. «Basi. Tukimaliza kuvuna nitakuja. Usimwambie Papa, atanituma nirudi hata sijafika.»

Nilimukubalia. Nilipofika nyumbani nikajaribu kwa upande mwingine. «Papa, zile si ngombe za Dada?»

«Dada yako ameolewa. Ngombe ni za baba.»

«Na akirudi?»

«Kwa nini arudi? Amekutuma?» Nikainama kuchambua maharagwe pamoja na Mama. Papa akaendelea: «Jumamosi muzungu anakuja kuzichukua. Utasimama kati yetu, utasema kile ninachosema.»

«Sitasema, Papa.»

Mama akaacha kuchambua maharagwe. Mimi mwenyewe nilishangaa, kwa maana sauti haikukwama.

«Kile Kifaransa ni mimi nilikulipia,» Papa akasema.

«Ndiyo, Papa. Na Dada njo alilima sehemu yangu ya shamba wakati mimi niko masomo.»

Hakunipiga. Alichukua kofia, akatoka kwenda kwa jirani.

Sasa nimekaa na mambo tatu, na hata moja haiko nzuri. Nikinyamaza tu, Papa atapatana na muzungu kwa vidole, maana kuonyesha ngombe hakudai Kifaransa. Nikimwambia Papa sababu, nitakuwa nimevunja neno langu kwa Dada, na pengine Papa atamwita shemeji kabla ya kumwita binti yake. Nikimwambia muzungu kwa Kifaransa kwamba ngombe hizi ziko na maneno, ataziacha, maana anaogopa sana palavere, yale mashauri ya wakubwa yasiyoisha. Lakini nitakuwa nimemuaibisha baba yangu mbele ya mugeni, kwa luga asiyoisikia, naye amesimama hapo ananiamini.

Ninyi mulio na umri na munaosoma ukurasa huu, mungeshika njia gani? Niambieni. Lakini musiniambie mutoto wa kike hajibu. Hiyo nimeisikia ya kutosha, sikununua karatasi na wino ili niisikie tena. Wala musiniambie Dada avumilie. Bega ni lake, si lenu.

Nasikia viatu vya Papa uani. Anakunguta matope kwenye jiwe la mulango. Papa anajua kusoma Kiswahili, polepole, kidole kikifuata neno. Mukono wangu ulikwisha kusukuma karatasi hii chini ya mukeka. Nimeirudisha juu ya meza, upande wenye maandishi ukiangalia juu. Nitaituma kwenu kesho, akiniachia. Leo asome yeye kwanza.

Dada atanikasirikia. Anikasirikie akiwa hapa, nyumbani kwetu.