Fomu Moja na Mguu wa Anastazia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kibondo, Mkuu wa Ghala alinikabidhi vitu vitatu: kofia ngumu iliyonizidi kichwa, filimbi, na daftari tupu lenye jalada jeusi.

"Wewe ndiye karani wa usalama," akasema.

Nilimwuliza karani wa usalama hufanya nini. Akatazama dari kidogo. "Anahakikisha mtu haumii. Akiumia, anaandika."

Mafunzo yangu yaliishia hapo. Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wanavuka mpaka, na malori yanashusha mahindi na maharage ya kuwalisha katika maghala yetu karibu kila siku. Mimi nilikuwa kijana wa Nyakitonto mwenye cheti cha kidato cha nne na wasiwasi mwingi. Wasiwasi huo niuseme mapema, maana ndio chanzo cha yote. Nilikuwa mtu wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu herufi moja imeinama. Nilifunga mlango, nikaondoka, kisha nikarudi kuuvuta nione kama kweli umefungwa. Wachukuzi waliniita Bwana Rula.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kunifundisha, nilijifundisha. Dereva mmoja alinipa kitabu cha Kiingereza cha usalama kazini kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo. Nilikisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno. Humo nilijifunza kwamba gunia haliwekwi sakafuni bali juu ya chaga, yaani kitanda cha mbao kinachopitisha hewa chini. Nilijifunza kuacha njia kati ya mlundo na ukuta, mtu apite na kukagua. Nilijifunza pia kuandika ajali iliyokaribia kutokea hata kama haikumdhuru mtu. Jambo moja sikulijua, kwa sababu lilikuwa katika zile kurasa zilizopotea: namna ya kupanga magunia yenyewe.

Nyapara wa wachukuzi, Mzee Melkiadi, alilijua bila kitabu. Safu ya kwanza magunia yalielekea huku, ya pili yakakatiza, ya tatu yakarudi, kama matofali ya mjenzi. Kadiri mlundo ulivyopanda ndivyo ulivyorudi ndani kidogo. Kwa macho yangu ulikuwa mbaya. Ulionekana kama mtu aliyekaa vibaya kwenye kiti.

Basi tukapewa habari kwamba wageni wanakuja kukagua. Niliazima timazi ya fundi mwashi, ile kamba yenye uzito mwishoni, nikaamuru mlundo wa mahindi upangwe upya, wima kabisa, magunia yote yakielekea upande mmoja ili maandishi yake yatazame nje na wageni wayasome.

Mzee Melkiadi aliuzunguka mlundo, akausukuma kwa kiganja. "Oya, Bwana Rula. Haya magunia hayajashikana. Yamesimama tu, kila moja na lake."

"Lakini yamenyooka, mzee."

"Hata mtu anayetaka kuanguka hunyooka kwanza."

Wachukuzi wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikubadilisha kitu. Wageni walikuja, wakausifu mlundo, wakaondoka. Siku ya tatu, mchana, magunia ya chini yalipokwisha kukandamizika, upande mzima uliporomoka njiani. Anastazia, mmoja wa vibarua wetu, alikuwa pale akifagia punje zilizomwagika. Mguu wake ulivunjika.

Walipomchukua kwenda hospitali, nilifungua daftari jeusi. Mkuu wa Ghala alisimama nyuma yangu. "Andika mvua," akasema. "Sakafu ililowa, mlundo ukateleza."

Mvua ilikuwa imenyesha kweli wiki ile, lakini sakafu yetu ilikuwa kavu. Nikaandika mvua. Niliandika kwa mwandiko mzuri sana.

Baada ya mwaka na kitu nilihamishiwa Kasulu, kituo kikubwa zaidi, chini ya Meneja wa Kituo, mama mkali ambaye hakusaini karatasi bila kuisoma mara mbili. Na nani nikamkuta chumba cha kushonea magunia? Anastazia. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakapata shamba Makere, huko huko Kasulu, naye alikuwa amerudi kwao baada ya kupona. Kazi ya kusimama hakuiweza tena, hivyo alikaa na sindano ndefu akishona magunia yaliyochanika. Alichechemea. Kila asubuhi alipita mbele ya dirisha langu, nami kila asubuhi niliinamia karatasi.

Ndipo nilipoanza kutafuta chuo. Nilijiambia natafuta elimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumuumiza mtu wa pili. Lakini nilianza kwa kuchelewa, msimu wa maombi unakaribia kufungwa. Sisi wa nyanda za juu magazeti yalitufikia yakiwa yamefungiwa sabuni. Nilinyoosha kila kipande nikasoma matangazo ya vyuo. Niliwatuma madereva wa Tabora na Dodoma wasome mbao za matangazo huko. Chuo kimoja kilikuwa kimeshafunga. Kingine kilifundisha zimamoto tu, na ada yake ilizidi uwezo wangu na wa ukoo wangu. Nilikuwa nimekata tamaa dereva wetu Shukuru aliporudi safari akipunga bahasha.

"Hiki hapa, Bwana Rula! Chuo cha usalama kazini, ada nafuu. Na wanaofanya vizuri zaidi katika maombi na usaili wanasomeshwa bure, chakula na kitanda juu."

"Mwisho lini?"

"Ijumaa ijayo. Mimi naondoka kesho kutwa alfajiri, nitapita hapo hapo. Fomu ni moja, sikukuchukulia ya kuchezea."

Fomu moja! Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa uvuke mto juu ya kamba. Nilifanya mazoezi nyuma ya hati za mizigo zilizokwisha kazi, jioni yote na asubuhi iliyofuata. Maswali mengi yalikuwa mepesi. Moja lilitaka mwombaji aeleze ajali aliyoishuhudia kazini, chanzo chake, na somo alilopata. Niliandika kuhusu mvua. Nikasoma. Ilikuwa nzuri, lakini nilishindwa kuinakili kwenye fomu. Mkono ulikataa.

Nikaandika upya. Niliandika timazi, maandishi kutazama nje, onyo la Mzee Melkiadi, na uongo nilioandika daftarini. Hiyo nikainakili kwenye fomu, polepole, bila doa hata moja. Kisha nikaona siwezi kuipeleka bila Anastazia mwenyewe kujua. Saa sita mchana nikaenda chumba cha kushonea.

Anastazia aliisoma akifuatisha mistari kwa sindano. Sikuweza kumtazama usoni. Alipomaliza akasema, "Mguu wa kulia?"

"Nini, dada?"

"Umeandika nilivunjika mguu wa kulia." Akanyoosha mguu wake wa kushoto katikati ya magunia. "Napita dirishani kwako kila siku. Ulikuwa unatazama nini?"

Mshonaji mwenzake akapiga makofi kwa kicheko. "Anatazama rula yake!"

Nilitaka ardhi inimeze. "Samahani," nikasema. "Kwa mguu, na kwa mlundo, na kwa mvua."

"Mvua niliijua. Nilikuwa nimelala juu ya sakafu ile, nguo yangu haikulowa." Akanirudishia fomu. "Sikutaka uondoke kazini. Nilitaka uje useme. Sasa umekuja, basi andika sawasawa."

"Ni fomu moja, Anastazia. Nikikata neno itachafuka."

"Nami nilikuwa na mguu mmoja wa kushoto."

Nikakata neno *kulia* mbele yake, nikaandika *kushoto* juu yake. Wino ulisambaa kidogo.

Kilichobaki kilikuwa saini ya Meneja. Alisoma mara mbili kama kawaida yake. Kisha akavua miwani. "Daftari la Kibondo linasema mvua. Fomu hii inasema wewe. Niamini ipi?"

"Fomu, mama."

"Unajua nikiisaini hii, lazima niandike barua daftari lisahihishwe. Na karani aliyeandika uongo daftarini siwezi kumwacha na daftari. Hadi chuo kijibu, na kikikukataa pia, hapa utabeba magunia."

"Naelewa, mama."

"Na huu uchafu hapa kwenye mguu?"

"Ni masahihisho, mama. Ya mwenye mguu."

Alivaa tena miwani, akasaini. Alfajiri Shukuru aliondoka na bahasha, nami nikarudisha filimbi na kofia. Majuma saba nilibeba magunia chini ya mtu aliyechukua meza yangu. Mgongo uliuma, lakini ndipo nilipojua kwa mabega yangu mwenyewe kwa nini gunia lazima likatize lile la chini yake. Halafu barua ya usaili ikaja.

Huko chuoni mwalimu mmoja aliweka kidole juu ya lile doa. Akaniuliza nani aliyenikosoa. Nikamweleza, pamoja na yale majuma saba. Akafungua ukurasa uliofuata. Jina langu lilikuwa la mwisho katika orodha ya waliosomeshwa bure, lakini lilikuwamo.

Siku ya kuondoka Anastazia alikuja kituo cha basi na kifurushi cha karanga. "Usome," akasema. "Na ukirudi, sitaki milundo mizuri. Nataka mibaya."

Nilirudi, nikawa ofisa usalama, nikafanya kazi maghala mengi hadi kustaafu. Vijana wananiandikia wakiuliza jinsi ya kupata chuo msimu ukiwa umekwisha. Nawajibu: tafuteni hadi siku ya mwisho, waulizeni madereva, na msiache ada iwakatishe tamaa kabla hamjauliza habari za ufadhili. Sijapona wasiwasi wangu. Hata ukurasa huu nimeuandika mara nne. Ila kabla ya kuandika mara ya mwisho humtafuta aliyeumia, nikamsomea.

Siku nilipostaafu walinifanyia sherehe fupi ghalani Kasulu. Anastazia alikuja kutoka Makere, anatembelea mkongojo sasa. Wengine walipokuwa wakinywa soda yeye aliingia kati ya milundo, akaitazama ilivyokatizana na kurudi nyuma kama watu waliokaa vibaya vitini. Akausukuma mmoja kwa kiganja, kwa nguvu. Haukutikisika.

"Mibaya kweli," akasema, akaketi kwenye ukingo wa chaga chini yake, akanyoosha mguu wa kushoto.