Mkalimani Wangu wa Miaka Kumi na Miwili

Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, mwanamke akizaa, mama yake anakuja kumkanda. Haombi ruhusa. Anachemsha maji, anamkalisha binti yake juu ya kigoda, anachovya kitambaa na kumkanda tumbo, kiuno na mgongo mpaka alie. Halafu anampa uji na kumwambia alale. Mimi nilikandwa hivyo nilipomzaa binti yangu, na nilipiga kelele mpaka majirani wakacheka.

Kwa hiyo binti yangu huyo aliponipigia simu mwaka 2013, mimba yake ina miezi saba, sikuamini masikio yangu.

"Mama, mtoto akizaliwa usije kunikanda. Tutakuita wiki ya pili, uje unywe kahawa."

"Kahawa? Mimi ni mgeni wa kahawa?"

"Mama, tafadhali."

"Na nani atakukanda? Mchile wako?"

Mume wake ni kijana aliyezaliwa hapa hapa Stockholm, wazazi wake walitoka Chile. Kijana mzuri, lakini kukanda hajui.

"Hakuna atakayenikanda," alisema. "Sitaki."

Hilo "sitaki" alilisema kwa Kiswidi. Mambo mazito yote mwanangu aliyasema kwa Kiswidi, na mimi nilijua ni tangu siku gani. Yeye pia alijua kwamba najua. Miaka kumi na mitatu hatukuitaja siku hiyo.

Nitaitaja sasa, maana mimi si mtu wa kuficha takataka chini ya zulia. Mazulia nimeyafagia mengi mno.

Ilikuwa mwaka 2000. Tulikuwa tumekaa Sweden miaka miwili tu, tunaishi Rågsved, pembezoni mwa Stockholm. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba niliyoingoja tangu Kongo. Asubuhi moja damu ikaanza. Mume wangu alikuwa kazini, anapakia mizigo, na simu ya mkononi hakuwa nayo. Nikamtoa binti yangu shuleni, tukaenda hospitali. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Hospitali wakaita mkalimani. Walifanya vizuri, siwalaumu. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamume ninayesali naye. Mke wake alisimama karibu nami kwenye kwaya. Watu watasema mkalimani ana kiapo cha kutunza siri. Sawa, anacho. Lakini sisi wa Kongo tulikuwa wachache wakati ule, na mtu aliyekuona Ijumaa umelala bila nguo, Jumapili anakusalimia kwa macho mengine. Mwanangu alikuwa ameenda chooni. Nikamwambia yule mkalimani kwa Kiswahili, "Baba, rudi nyumbani. Mwanangu atanisemea."

Muuguzi hakupenda. Alitikisa kichwa, akasema maneno mengi, na mtoto alipoingia akamwonyesha mlango. Mimi nikamshika mtoto mkono na sikumwachia. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Hakuna aliyenilazimisha. Ni kiburi changu tu.

Daktari aliangalia kioo cha mashine muda mrefu. Akasema jambo fupi. Binti yangu hakulitafsiri. Daktari akalirudia polepole. Mtoto akaangalia viatu vyake.

"Banasema nini?" nikamuuliza.

"Mama, banasema moyo ya mutoto haipige tena."

Nikampiga kofi. Pale pale, mbele ya daktari. Nikamwambia, "Funga kinywa, muchawi! Unamuroga ndugu yako?"

Anayetoka kwetu anajua uzito wa neno hilo kwa mtoto. Kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo tu.

Hakulia. Nilipoamka baada ya kutolewa ile mimba iliyokufa, nilimkuta amekaa kwenye kiti, koti langu limekunjwa vizuri mapajani mwake. Aliuliza watu basi la kurudi nyumbani ni lipi, akanipeleka. Tangu siku hiyo aliendelea kunisomea barua zote, za shule, za nyumba, za kodi, kama karani. Lakini kunikumbatia, hapana. Na Kiswahili akakiacha kwa mambo ya chumvi na sabuni.

Baba yake alifariki mwaka 2006. Mimi darasa la tatu ndiyo mwisho wangu, lakini nilisafisha ngazi, nikasafisha ofisi, nikajifunza Kiswidi kwenye korido za watu, na mwisho nikafungua kampuni yangu ya usafi, wanawake saba chini yangu. Nikahamia mtaa wa Fittja, nyumba yenye balkoni. Binti akasoma, akawa mhandisi wa madaraja, wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Kanisani nilimtangaza kama harusi. Watu wakaniambia, "Mama, umeshinda." Nikajibu, "Nimeshinda." Nyumbani simu yake ilikuwa inalia mara moja kwa wiki, Jumapili, dakika kumi.

Ndiyo maana ile habari ya kahawa ilinichoma. Kumkanda kulikuwa tumaini langu. Nilijisemea, mtoto wa mtoto akija, mikono yangu itasema yale ambayo mdomo umeshindwa. Sasa hata mikono ilikataliwa.

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, nilikuwa nakagua ngazi moja ambayo wasichana wangu waliiosha vibaya. Simu ikalia. Si Jumapili.

"Mama." Kisha kwa Kiswahili: "Mutoto hachezi tangu jana."

"Bwana wako?"

"Yuko Göteborg kwa kazi. Hospitali wamesema nije sasa hivi. Mama, siwezi kuingia mule peke yangu."

Sikuuliza neno. Nilipanda treni na aproni yangu ya kazi na glavu mfukoni. Nilimkuta mlangoni mwa hospitali, mhandisi mzima, koti la bei kali, anatetemeka kama mtu aliyeopolewa majini. Si hospitali ile ya zamani, lakini vyumba vile vinafanana. Kitanda kilekile, kioo kilekile.

Mkunga alikuwa msichana mwenye nywele fupi, mpole. Alimpaka dawa tumboni. Hapo binti yangu akageuza uso ukutani, akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Mama, usimwache aniambie," alisema. "Kiswidi chake nitakielewa kabla hajamaliza. Niambie wewe. Kwa Kiswahili."

Mkunga akaniangalia. Akauliza kwa Kiswidi kama mgonjwa anahitaji mkalimani, ingawa alikuwa ametoka kuongea naye Kiswidi safi kuliko cha mfalme.

Nikamjibu kwa Kiswidi changu cha ngazi na vyoo: "Mkalimani ni mimi."

Nitasema ukweli, sijawahi kuogopa hivyo, hata msituni tulipokuwa tunakimbia vita. Nilisimama pale, nikaelewa mtoto wa miaka kumi na miwili alisimama mahali gani. Ukiwa mkalimani, neno linafika kwako kwanza. Dakika hiyo unalibeba peke yako, na mtu unayempenda anaangalia mdomo wako.

Mkunga akasogeza kifaa kulia, akasogeza kushoto. Akakunja uso. Akakikandamiza. Nikaona kitu kinacheza kwenye kioo, kidogo, haraka haraka, lakini sikujiamini. Akasema neno la moyo kwa Kiswidi. Neno hilo nilijifunza mwaka 2000, sikuhitaji shule. Halafu akacheka, akanionyesha kwa kidole.

Nikautoa mkono wa binti yangu sikioni. Ulikuwa baridi.

"Moyo inapiga," nikamwambia. "Inapiga mbio kama mwizi."

"Usinidanganye, Mama."

"Nilikudanganya lini? Nilikutukana, nilikupiga, lakini kukudanganya sijawahi. Geuka uone."

Akageuka. Akaona. Akaanza kucheka na kulia pamoja, pua inamtoka, na mimi nikaipangusa kwa aproni, maana kitu kingine sikuwa nacho. Mkunga akasema mtoto yuko sawa, amegeuka tu, mgongo mbele, ndiyo maana mateke hayasikiki. Akatuacha peke yetu kwa muda kidogo.

Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Anamchinjia kuku, anampa paja, na mtoto anaelewa. Pale kuku hakuwepo.

"Siku ile," nikasema, "ulitafsiri vizuri."

Akashusha blauzi yake tumboni.

"Ulisema lililosemwa. Mwenye kosa ni mimi. Nilimfukuza mkalimani kwa sababu ya kwaya."

"Ya kwaya?" Alinyanyua kichwa. "Mama, miaka yote hii nilifikiri ulinichagua kwa sababu hukuwa na mtu."

"Mtu alikuwepo. Nilimrudisha. Niliogopa midomo ya wanawake."

Nilidhani ataniambia nitoke, na ningetoka.

"Nilikuwa nalala nikifikiri kama ningelisema tofauti, angeishi," alisema. "Uliniita mchawi."

"Nilikuita."

"Mimi si mchawi, Mama."

"Wewe si mchawi. Ulikuwa mtoto. Nisamehe, mama yangu."

Nilimwita "mama yangu", kama tunavyowaita mabinti kwetu tukiwapenda. Tangu kofi lile sikuwa nimemwita hivyo. Hakunijibu nimekusamehe, na mimi sikudai. Alichukua mkono wangu, akaunusa, akakunja uso.

"Unanuka klorini."

"Klorini ndiyo iliyokupeleka chuo."

Akacheka tena. Mzigo wa miaka kumi na mitatu ukanitoka mabegani hivi hivi, katika chumba chenye harufu ya dawa, na kitu cha kwanza nilichohisi baada ya hapo kilikuwa njaa. Tulikula mkate na jibini kwenye mkahawa wa hospitali, vipande viwili viwili.

Mtoto alizaliwa mwezi na nusu baadaye, msichana. Siku ya nne simu ikalia. "Mama, njoo. Lakini maji yasiwe ya kuchemka."

Nilipanda treni ya kwenda kwao Sundbyberg na beseni kubwa, kitambaa kipya na kilo mbili za unga wa mtama. Waswidi waliniangalia, nikawaangalia. Bafu lao ni dogo, kigoda hakuna, nikamkalisha juu ya ngazi ndogo ya plastiki wanayopandia kabati. Maji hayakuwa ya kuchemka. Yalikuwa karibu.

Nilipoweka kitambaa kiunoni alipiga kelele ambayo Uvira yote ingeisikia. "Mama, unaniua!"

"Nyamaza. Bado mgongo."

Mume wake akaja mbio na mtoto mkononi, akagonga mlango, anauliza kwa Kiswidi kuna nini, apige simu wapi. Binti yangu akamjibu kwa sauti kupitia mlango, machozi yanamtiririka, nywele zimelowa.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Nimemwambia asiingie," alisema. "Mama yangu yuko kazini."