Mvuke wa Mikaratusi

Hata leo nikisikia harufu ya majani ya mikaratusi, kifua changu hufunguka chenyewe, na mara naliona jiko letu la kule Muheto, limejaa moshi wa kuni mbichi.

Nilikuwa na miaka minane. Nyanya yangu, tuliyemwita Koko, alikuwa amebanwa kifua siku tatu. Kila pumzi aliivuta kwa taabu, nami niliogopa sana kwamba atatuacha. Mama alijaza majani ndani ya sufuria ya maji, akaiweka motoni, akaifunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba.

"Usifungue ata kidogo," akaniambia. "Naenda kuomba blanketi kwa jirani."

Jamani, nani atakaa karibu na sufuria inayochemka asichungulie? Nikafungua. Upande wa ndani wa lile jani la mgomba ulimeta matone madogo yenye mafuta, nikapigwa na butwaa. Majani yalikuwa chini majini, sasa mafuta yamefikaje huku juu? Nikachungulia tena na tena, mwishowe nikaiacha sufuria wazi kabisa. Nyumba nzima ikanukia.

"Eh mutoto, leo kwenu kunanukia muzuri!" mama mmoja akaita kutoka njiani. Kichwa kikanivimba.

Mama aliporudi, kamba nilikuwa nimeshaifunga. Akamfunika Koko pamoja na sufuria. Tukamsikia akivuta pumzi mara moja, kisha mara ya pili.

"Mama, dawa iko na nguvu?" Mama akamuuliza Koko.

"Iko na nguvu sana," Koko akajibu humo ndani ya blanketi. "Njo maana nataka ingine. Weka majani ya mupya."

Sufuria ya pili Mama aliilinda mwenyewe. Jioni Koko alipumua vizuri, akaomba maziwa. Mimi nilijisifu kwamba dawa yangu ilikuwa tamu hata akaomba nyongeza.

Miaka ikapita. Shuleni Goma, mwalimu wa chimie, yaani kemia, akatueleza kwamba mafuta ya mkaratusi, yakiwa peke yake, huchemka kwa joto kali kuliko la maji. Lakini ni mepesi kuruka, na mvuke wa maji huyachukua mapema, yakaenda zake. Ukiacha sufuria wazi, unabaki na maji ya moto tu.

Nikaweka kalamu chini. Koko alikuwa amevuta maji matupu, akajua, na ile pumzi kidogo aliyobaki nayo akaitumia kuficha kosa langu.